Kwa Mama, Mkalimani Aliyetutafsiria Kesho

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu ulipotutoka, na jioni bado tunatega sikio mlangoni kama tutasikia ukivua viatu.

Ulikuwa mkalimani wa hospitali. Madaktari wageni walisema Kiingereza chao, nawe, kwenye kiti chako kati yao na mgonjwa, ukampa kila mtu neno lake bila kuongeza chumvi. Sisi ulitufundisha mezani: "will" ni jambo ambalo daktari ana hakika litakuwa, "should" ni analolitarajia mambo yakienda vizuri, "might" ni huenda. "Ukiyachanganya," ulituambia, "unampa mtu ahadi ambayo hakuna aliyeitoa."

Hata Baba hukumwacha. Akimwambia mteja kabati litakuwa tayari Jumamosi, ulitoa kichwa dirishani: "Huyo amesema 'might'." Mteja alicheka, na Baba akarudi kwenye randa yake kwa hasira ya mzaha.

Kisha zamu yako ya kuwa mgonjwa ikafika. Tuliingia nawe kwa daktari, na Baba, ambaye Kiingereza kinampiga chenga, akakugeukia akuulize daktari amesemaje. Ungeweza kulitia neno sukari. Ulimshika mkono.

"Baba Watoto, amesema huenda nikamwona mjukuu aliye njiani. 'Might', si 'should'."

Baba aliufunika mkono wako kwa wake. Halafu akauliza, "Basi leo tufanye nini?"

Wakati uliofuata ndio tunaoushukuru kuliko wote. Baba alifunga karakana mapema kila jioni akae nawe. Kifungua mimba wako, aliyekuwa amenuna mbali miaka mingi, alirudi nyumbani. Mkapatana jikoni, mkimenya viazi, wala hatukujua nani alianza kuzungumza. Kitinda mimba, na tumbo lake kubwa, alikaa chini kati ya magoti yako ukimsuka. Kwa kuwa hukutuficha, hakuna aliyebaki na neno kooni.

Na mjukuu ulimwona, Mama. Ulimpakata, ukamlalamikia kwa kuchukua pua ya babu yake. Sasa anatembea kwa kushika ukuta, na tukimwita, tunaita jina lako.

Unakumbukwa na mumeo, wanao wawili, mkweo, dada yako, wakalimani wenzako, na somo yako huyu mdogo anayeuangusha kila ufagio anaoukuta.

Asante, Mama. Daima dumu tutakukumbuka.