Arobaini Nitakuja kama Mtani

Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepoa. Mimi sijambo, mikono tu ndiyo imechubuka kwa kuosha masufuria. Baba hajambo? Mvua zimeshika huko Chanzuru?

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la mbao. Nimelia kusikia bibi, mama yake mwenyekiti wa kijiji, ametutoka. Yule bibi alikuwa mtu. Nilipokuwa napalilia shamba la mwanawe, ni yeye aliyeniletea uji, na hakuwahi kuniita mhamiaji. Mungu amlaze pema.

Lakini umeandika pia, "Msamehe mwenyekiti, ana msiba." Mama, hapo hapana. Sijamsamehe na sitaki.

Umesahau? Fomu yangu ya chuo cha ualimu ilikuwa inangoja muhuri wa kijiji tu, basi. Nikampelekea. Akasema, "Nisaidie palizi kwanza, binti, muhuri haukimbii." Nikapalilia. Akasema njoo kesho, karani hayupo. Nikapalilia tena, mpaka mahindi yake yakawa safi kuliko yetu. Palizi ilipokwisha akajinyoosha kwenye kiti chake: "Ah, mwanangu, muda wa maombi si umeshapita? Halafu nyie watu wa ng'ombe ni wapita njia, ualimu wa nini?" Wewe ukaniambia ninyamaze kwa kuwa tunakaa kwenye ardhi yao. Nikanyamaza, nikaja huku.

Huku, tangu biashara ziachiwe huru, kila mwenye mabati mawili anafungua hoteli, na malori ya Zambia hayaishi barabarani. Mama mwenye hoteli yetu ana mdomo mchafu na moyo safi. Maombi ya mwaka huu yalipofunguliwa nikamweleza yaliyonipata. Akasema, "Vua hiyo aproni, twende." Akanikokota hadi ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa huku akasoma, akauliza nafanya kazi wapi, akagonga muhuri. Hata soda hakutaka. Nilitoka pale hasira zimenipanda upya, maana kumbe ni jambo la kufumba na kufumbua!

Mama, nimechaguliwa. Januari naanza chuo. Usimwambie mtu kwanza, hata shangazi.

Arobaini nakuja, ruhusa nimeshapewa. Nitashuka Kilosa mjini ninunue sukari ya msiba, sitakuja mikono mitupu. Ila nakuja kama mtani. Sisi Wasukuma na wenyeji wa Kilosa tunataniana tangu mababu walipopita huku na mizigo kwenda pwani, na haki ya mtani kufanya mzaha msibani unaijua kuliko mimi. Nitavaa koti la mwenyekiti na kofia yake, nikae kwenye kiti chake pale uani, mbele ya shehe na kijiji kizima. Nitamwita: "Mwenyekiti! Unataka nimlilie mama yako? Shika jembe, nipalilie kwanza, machozi hayakimbii!" Akija nitamwambia aje kesho, karani hayupo. Watu watashika mbavu, maana nusu yao amewafanyia hivyohivyo. Marehemu mwenyewe angecheka kuliko wote. Wakishacheka ndipo nitatangaza kwamba chuo nimepata.

Najua unaogopa. Usiogope. Mtani hakasirikiwi. Akinifukuza, au akiwagusa nyinyi kwa ajili hiyo, atakuwa ameutia aibu msiba wa mama yake. Hana njia. Itabidi acheke.

Nisalimie Baba, mwambie nimemwekea tumbaku. Nisalimie kaka Masanja na mkewe, na huyo mtoto wao mpya ambaye sijamwona. Shangazi msalimie, lakini kwa kifupi, asije akakuchimba. Na jirani yetu Mama Salma, aliyeniazima jembe, mwambie sijamsahau.

Siku hiyo wewe utakuwa jikoni na wanawake wenzako. Tafadhali, ukisikia nimeanza, acha mwiko, utoke nje, usimame mahali unapomwona mwenyekiti usoni. Wengine watakuwa wananitazama mimi. Wewe mtazame yeye, uje uniambie alichekaje.

Ni mimi mwanao, mwalimu wako,
Minza