Niliomba Mpira wa Kasi

Ijumaa, saa kumi jioni. Najma, Doha.

Joto la leo ni lile la unyevu, miwani inaingia ukungu mara tu unapofungua mlango. Nimekaa kitandani, magoti nimeyapandisha juu ya mto kama ajuza, na mwanzo wa ukurasa huu nimeshaufuta mara nne. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu.

Wacha niseme tu. Leo nimemwambia Musyoka ukweli.

Wachache mnaosoma hapa mnajua kwamba niliwahi kulipwa mshahara kwa kucheza besiboli. Mnajua kwa sababu nimejisifu mno. Misimu mitatu kwenye ligi ndogo ya kulipwa kule Japani, mtoto wa Machakos! Nilikuwa mdakaji, au kecha kama tulivyozoea kuita: yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa wavu wa chuma usoni, na kudaka kila mpira anaotupa mrushaji. Na hapana, si kriketi. Kila nikitaja jambo hili kwenye basi la kampuni ninaloendesha, abiria wangu kutoka India na Pakistani hunionea huruma.

Ambacho sijawahi kuandika ni jinsi nilivyofika huko.

Mrushaji wetu alikuwa Musyoka. Tulisoma darasa moja, na mchezo huu tulifundishwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja shuleni na gunia la glavu kuukuu. Mimi niliwekwa nidake kwa sababu nilikuwa mfupi na sikuogopa kuumia. Musyoka aliwekwa arushe kwa sababu alikuwa na mkono ambao Mungu huwapa watu wachache sana. Tulipomaliza shule tuliendelea kucheza pamoja, mimi na yeye, miaka mitatu bila kuachana.

Mdakaji ndiye anayechagua mpira. Anaonyesha vidole katikati ya mapaja ili mrushaji peke yake avione. Kwetu sisi kidole kimoja kilikuwa mpira wa kasi, vidole vinne mpira wa polepole. Mrushaji akikubali anarusha. Akikataa anatikisa kichwa, nawe unamwomba mwingine. Lakini mdakaji ana kazi nyingine isiyoonekana na watazamaji, nayo ni kuujua mkono wa mwenzake. Wewe ndiye wa kwanza kujua kwamba umechoka, kabla ya kocha, wakati mwingine kabla ya mwenye mkono. Ukishajua, unaomba mchezo usimame, unamwendea, unamwambia basi.

Tulikuwa na miaka ishirini na moja walipokuja wageni wawili kutoka Japani kutazama mechi yetu. Walikuja kwa ajili ya Musyoka. Kila mtu alijua hivyo, hata mimi.

Kufikia kipindi cha sita mipira yake ilikuwa inanifikia chini kuliko nilivyoomba. Haikuwa na nguvu. Kila akimaliza kurusha alikuwa anaukung'uta mkono na kusugua kiwiko kwenye suruali. Niliona yote. Nilijua.

Ila kwenye kituo cha kwanza wapinzani walikuwa na mkimbiaji mwepesi, anayetaka kukiiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia wakati mpira unarushwa, bila kungoja upigwe. Mkimbiaji wa namna hiyo akichomoka, mdakaji anadaka, anainuka na kurusha mpira hadi kituo cha pili kabla jamaa hajafika. Mpira wa kasi ukikufikia, unamwahi. Ule wa polepole ukikufikia, mkimbiaji ameshafika na anajipangusa vumbi. Na mmoja wa wale wageni alikuwa ameshika saa ya kupimia mbio. Nilitaka anipime mimi.

Nikaonyesha kidole kimoja. Musyoka akatikisa kichwa.

Nikaonyesha kimoja tena. Akatikisa.

Mara ya tatu nikakigongesha pajani ili ajue sitanii. Akarusha.

Mkimbiaji alichomoka. Nilidaka, nikainuka, nikarusha, akanaswa hatua mbili nzima kabla ya kituo. Uwanja mzima ukapiga kelele. Watu walikuwa wananipigia makofi mimi, na Musyoka alikuwa ameketi chini, amekumbatia kiwiko chake.

Jioni hospitalini, kando ya kitanda chake, kocha aliniuliza kwa nini sikusimamisha mchezo. Nikajibu kwamba nilikuwa naomba mipira ya polepole na Musyoka akawa anakataa. Musyoka alikuwa ameleweshwa na dawa za maumivu. Alikumbuka kwamba alitikisa kichwa, lakini hakukumbuka alikuwa anakataa nini. Basi mimi nikamkumbushia.

Ndivyo nilivyosema uongo. Haukuzidi sentensi moja, na sikuhitaji kuurudia, kwa sababu tangu siku hiyo Musyoka mwenyewe ndiye aliyekuwa akiusimulia.

Japani nilienda mimi. Siku ya kwanza ya mazoezi, kocha wa wadakaji alituambia kwamba mkono wa mrushaji ni amana, kwamba mdakaji anayeutumia kwa faida yake ni mwizi. Mkalimani alipomaliza kutafsiri niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikalia huko hadi wakaja kunigongea. Misimu yote mitatu nilicheza mechi chache mno. Siku nyingi nilikuwa pembeni, nawadakia warushaji wanaopasha mwili joto. Nilipokuwa najisifu hapa, hiyo sehemu niliiruka. Mwishowe wakaniinamia kwa heshima na kunipa tiketi ya kurudi nyumbani. Nilirudi na magoti haya na vidole viwili vilivyopinda.

Musyoka hakurusha tena. Kiwiko chake hakinyooki hadi leo.

Nilipopata kazi ya udereva Doha nilihangaika hadi nikamtafutia na yeye. Akawa mlinzi wa lango la ghala kule Sanaiya, eneo la viwanda. Nilijidanganya kwamba nimeshalipa. Lakini kila tukikutana na Wakenya wenzetu, baada ya kanisa, ambalo huku ni Ijumaa, au kwenye nyama choma, lazima atanishika bega aanze: "Huyu ndiye msee aliniambia nipunguze mwendo. Mimi nilikuwa kichwa ngumu, nikakataa. Ningemsikiza, saa hii ningekuwa mbali." Watu wanacheka, wananisifu. Mimi naangalia sahani yangu.

Sasa anarudi nyumbani kabisa, ndege ni Jumapili. Shule yetu imemwita awafundishe watoto besiboli. Juzi alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sijamsikia nayo kwa muda mrefu. "Kioko, nataka unifanyie video. Wewe mwenyewe uwaambie vile ulijaribu kunisimamisha na mimi nikajifanya mjuaji. Wakinisikia mimi watasema ni stori za wazee tu. Hilo ndilo somo la kwanza nataka kuwapea: sikiza kecha wako."

Nilikubali. Niliona ni jambo dogo, dakika mbili tu mbele ya simu. Lakini jana nzima nikiendesha basi nilikuwa nawaza kwamba kati ya watoto hao atakuwapo kecha mwenye uchu kama wangu, na mrushaji anayeumwa, aliyefundishwa na Musyoka kwamba asimkatalie kamwe.

Leo baada ya ibada nilikwenda Sanaiya. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kwa kamba. Wenzake wa chumbani walikuwa wametoka, wengine kanisani, wengine kriketi. Alizima kiyoyozi ili sauti yangu isikike vizuri, akasimama mbele yangu na simu mkononi, mkono wa kushoto.

"Ongea tu kawaida, bana. Usiogope, ni watoto."

Nilikuwa nimejiandalia maneno matamu njia nzima. Nikasema jina langu. Nikasema nilicheza Japani. Halafu nikasema mengine kabisa. Nikawaambia watoto hao juu ya saa ya mgeni, mkimbiaji, kidole changu na paja langu. Nikawaambia nilichosema hospitalini. Musyoka hakuishusha simu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni na hakulifuta.

Nilipomaliza, alibonyeza kuzima, akaketi kwenye kitanda cha chini.

"Uliitisha ya kasi mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mimi?"

"Ulikataa mara mbili."

Nilidhani atanipiga, na kusema kweli ningefurahi.

"Kumbe nilikuambia," akasema. Hakuwa anasema nami. "Miaka kumi na miwili najiita mjinga. Kwa mama yangu, kwa bibi yangu, kwa kila mtu. Na mimi nilikuambia."

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba vibaya, kwa haraka, nikachanganya na sababu: tulikuwa vijana, niliogopa, sikujua kiwiko kingevunjika. Akaniambia nitoke nje kidogo. Nikatoka, nikasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta kwa zaidi ya saa nzima. Mlango haukufunguliwa. Basi lilipokuja nikapanda.

Siku zote nimeamini kwamba nilichomharibia ni kiwiko. Hicho ndicho nilichokuwa nakililia chooni Japani, hicho ndicho nilichotaka kukifidia na kazi ya ulinzi. Sikuwahi kufikiria hiyo miaka aliyokaa akijilaumu, akijicheka mbele za watu kabla hawajamcheka, na mimi nikiwa nimeketi hapo hapo, mdomo umejaa nyama. Mkono niliuumiza mara moja. Hili nililifanya kila Ijumaa.

Ujumbe wake umeingia nikiwa naandika. "Nitawaonyesha vile iko, sikati kitu. Jumapili usikuje airport."

Nimeusoma hadi nimeukariri. Zamu ya Jumapili nilishaiombea ruhusa, shati nilishalipiga pasi. Kila kitu ndani yangu kinaniambia niende hata hivyo, nisimame pale langoni anione, aniponde mbele za watu akitaka.

Sitaenda. Amesema hataki, na nimechelewa miaka kumi na miwili kumsikiliza.