Shamba la Kina Luz

Savage, Minnesota
Novemba 2014

Kaka Hussni,

Pokea salamu zetu. Sote tu wazima, na theluji imeshaanza.

Kazini nina mwenzangu Mfilipino, jina lake Luz. Wazazi wake kwao hulima mpunga kwenye shamba la kukodi, na nusu ya mavuno huchukuliwa na mwenye shamba. Mwaka jana kimbunga kiliuangusha mpunga wote majini. Nikamuuliza, "Sasa walikula nini?"

"Baba alipanda mboga zinazoota majini palepale penye maji, Mama akaziuza sokoni. Majirani walikuja kupanda mpunga upya bila malipo, kisha wote pamoja wakaenda kupanda shamba la jirani anayefuata."

"Na mwenye shamba?"

"Familia zote zinazokodi kwake zilimwendea pamoja. Akawasamehe fungu la msimu ule."

Watu hao siwajui, lakini nawastahi sana.

Wifi Swafiya ameniambia unataka kumrudishia Bwana Badawy shamba lake unalolikodi kama majirani zako, uende Mombasa kutafuta kibarua. Nami huku wamenipunguzia saa za kazi, mwezi huu sitaweza kutuma kitu. Lakini ukimwendea Badawy, kaka yangu, usiende peke yako.

Dadako akupendaye,
Fatimah