Daraja la Mzee Ambokile

Jumatatu, 10 Februari
Mvua tangu alfajiri. Darasa la kwanza nusu tupu tena. Watoto wa ng'ambo ya kijito hawajaja, na hawatakuja mpaka daraja litengenezwe. Lile la zamani, magogo mawili na ubishi, maji yalilichukua wiki iliyopita. Nimefundisha "ba, be, bi" kwa waliokuwepo. Nafasi ya Anyisile pale mbele haina mtu. Mtoto yule alikuwa ameanza kuunganisha silabi. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi. Mvua zilipokatika wakarudi wamesahau kila kitu, hata jina langu.

Mwaka wa pili huu najitolea hapa nikisubiri ajira. Sina mshahara, sina meza, nina chaki. Leo nina hasira pia.

Jumatano, 12 Februari
Nimeweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa kijiji. Jumamosi asubuhi, kijitoni, kila mtu na panga lake, tujenge daraja. Nikatia "uzalendo" na "maendeleo ya jamii". Madole gumba yamemiminika. Lusajo wa bodaboda kauliza posho ni kiasi gani. Nikamjibu hakuna. Akatuma kicheko, kisha: "Mkono mtupu haulambwi, madam."

Simlaumu sana. Kuna mradi ulipita hapa ukagawa fulana na soda kwa kila aliyekaa kwenye kiti akasikiliza. Tangu siku hiyo, kuitwa mahali pasipo na soda ni kuonewa.

Jumamosi, 15 Februari
Nimefika na panga la Mama. Wamekuja ng'ombe wawili, wamekunywa maji, wameondoka. Basi.

Nimeaibika. Mama aliniona narudi na panga kavu na hakusema kitu. Afadhali angesema.

Jumatatu, 17 Februari
Leo Mama kasema. Mama mdogo yuko Karonga, Malawi, anauza mchele na vitenge, anatafuta msaidizi. Anatoa mshahara. "Wewe Tumpe unafundisha bure watoto ambao hata hawapo."

Nikamwambia hivi: ikifika katikati ya Machi watoto wa ng'ambo hawajarudi darasani, nafunga begi navuka mpaka. Nilisema kwa hasira, lakini nimesema. Ahadi ni deni.

Sitaki kwenda Karonga. Niliandike hapa walau, maana kwingine sijalisema.

Alhamisi, 20 Februari
Nimezunguka kwa njia ya mashamba ya mpunga, matope hadi magotini, kwenda kwa Mzee Ambokile kuomba mianzi. Yeye anakaa ng'ambo, na kile kichaka cha mianzi ukingoni ni chake. Hasikii vizuri. Redio yake huamsha nusu ya Bujonde. Nilimwamkia kwa adabu zote, mugonile, nikidhani nitapendelewa. Wapi.

Kumbe mwaka juzi aliikata mianzi yake mwenyewe, akaipanga ukingoni. Vijana walikuwa wameahidi kuja. Hawakuja, ikaozea palepale. Akanipeleka kuiona. Bado ipo, nyeusi, imeota uyoga. "Mwalimu, lete watu kwanza. Siku vijana wakisimama hapa na mapanga, kateni mnayotaka, msiniulize."

Nimemchukia njia nzima. Nilipokuwa nanawa miguu nikaona ana haki.

Jumanne, 25 Februari
Lusajo amepita na pikipiki, spika imefungwa mbele. Spika hiyo ina kazi moja tu hapa kijijini, kutangaza misiba. Watu wakiisikia wanaacha jembe lilipo na kutoka njiani. Mzee Ambokile amefariki hospitalini mjini Kyela. Wanawe walimbeba mgongoni Jumapili kupitia kwenye mpunga ili afike barabarani.

Nimeshtuka sana. Juzi tu alikuwa ananifokea. Kesho mwili unaletwa nyumbani kwake. Ng'ambo.

Jumatano, 26 Februari
Sijui niandikeje.

Asubuhi na mapema vijana wote walikuwa kijitoni. Walewale wa madole gumba. Hakuna aliyeitisha kikao, hakuna aliyeuliza posho. Jeneza haliwezi kupita kwenye matope ya mpunga, basi daraja likatakiwa. Gwamaka, mtoto mkubwa wa marehemu, akasema kateni mianzi. Lusajo aliogelea kupeleka kamba ng'ambo. Wengine wakachimba kaburi, wengine wakapasua na kufunga, akina mama wakapika. Kabla ya adhuhuri daraja limesimama. Jeneza likapita, wabebaji kwa mwendo wa kinyonga, sisi tukiimba. Mianzi ililia lakini ilishika.

Nilikuwa nabeba ndoo ya maji na nilikuwa na furaha. Msibani! Nikainamisha uso watu wadhani nalia. Kufa kufaana, wanasema. Hawasemi unavyoona haya.

Alhamisi, 27 Februari
Nimeamka na hasira. Asubuhi moja tu! Mimi nimeomba hadi nimechoka. Aliye hai anadaiwa posho, aliyekufa anajengewa bure.

Jioni. Hasira imepoa, imebaki kitu kibaya zaidi: nilikosea mimi. Nilikuwa nasema vijana wa hapa hawajui kujitolea. Wanajitolea tangu wazaliwe, ila hawana jina la kuliita jambo hilo. Msibani haendi mtu kwa ajili ya maendeleo. Anakwenda kwa sababu naye ana mama. Asipoonekana leo, siku yake atachimba peke yake. Mimi nikawaita kwa maneno ya semina, kama vile ni wageni wa mahali hapa.

Anyisile bado hajaja. Daraja halina pa kushikia, na kamba ni za migomba. Mama yake anaogopa. Hata mimi ningeogopa.

Jumapili, 2 Machi
Tumemaliza matanga. Mwishoni mwenye neno huruhusiwa kulisema. Nikasimama. Nikawaeleza alichoniambia Mzee pale ukingoni, kama alivyokisema. Halafu nikasema, "Vijana mmesimama. Mmemvusha yeye. Anyisile nani atamvusha?" Nikakaa.

Gwamaka alisema "ndaga" tu, asante, akaangalia pembeni. Lusajo alikuwa anatazama viatu vyake. Nimeharibu, nadhani. Njiani Mama kaniambia sauti yangu ilikuwa kali mno kwa msibani.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua kubwa tangu jana. Nimekwenda kuangalia. Daraja limelala upande, kamba kadhaa zimekatika. Mvua moja kama hii tena na limekwenda, na mimi nimekwenda. Nimelitoa begi chini ya kitanda nikalipangusa.

Nikiwa napangusa, hodi. Lusajo. Hakuingia. Kauliza kesho tunaanza saa ngapi. Nilibaki nimeshika kitambaa. Nikasema ngoja niandike kwenye kundi. "Kundi ni la kuchekea, madam. Mimi nitapita na spika." Nikamwambia ile ni ya misiba. "Ndiyo maana," akasema, akaondoka.

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya Wanawake. Walimu wenzangu wamekwenda mjini na vitenge vya sare. Mimi nimepanda nyuma ya pikipiki na gambuti.

Lusajo akawasha spika. Watu wakatoka kama wanavyotoka siku zote, mikono ina tope, majembe na mapanga bado wameyashika. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshaanza kulia. Swali likawa moja tu kila mlango. Nani? Nani amekufa?

Lusajo akanigeukia akanipa kipaza sauti. Hatukuwa tumepatana hivyo, mshenzi yule. Nikasema yaliyokuja.

"Hakuna. Leo hajafa mtu. Njooni hivyo hivyo."

Wakaduwaa. Yule mama akafuta machozi akanitukana, na nilistahili. Mzee mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata. Wengi walirudi shambani, nisijidanganye. Lakini nyuma yetu nikasikia miguu. Nilipogeuka kulikuwa na vijana, kisha wengine, panga begani, wakiulizana kwa utani marehemu ni nani. "Ni daraja," Lusajo akawajibu, "lakini bado linapumua."

Hawakufika nusu ya wale wa msibani. Walitosha. Tumelisimamisha, tumefunga kwa nyaya, tumeweka pa kushikia pande zote mbili. Nikasisitiza pawe chini, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Wakanicheka kwamba watu wazima watatembea wameinama. Sawa, wainame. Gwamaka alikata mianzi ya baba yake bila kuuliza mtu, naye wala hakuulizwa.

Mchana yule mama wa machozi alileta sufuria ya mbalaga, ndizi zimeiva na nyama ndani yake. Alisema alishalia, na hawezi kulia bure, lazima watu wale. Tukala tumesimama. Posho hakuna aliyeitaja isipokuwa Lusajo, akiwa na ndizi mdomoni, kunichokoza.

Jumatatu, 10 Machi
Manyunyu. Wa ng'ambo wameingia darasani na matope yao, sikuwafokea. Anyisile amekaa mbele. "Ba" ameisahau, "be" anaikumbuka. Tumeanza upya naye, polepole.

Jioni Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Bila kuniangalia kasema amempigia mama mdogo, amemwambia atafute mtu mwingine. Sikuwa nimemwomba. Nikaenda kulirudisha begi chini ya kitanda, nikachukua ungo wa pili, nikakaa karibu naye.