Wifi, Pilipili na Glavu za Kwenye Kamba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, tena naomba unijibu kabla ya Jumapili, maana Jumapili nimepanga kusimama mbele ya ukoo mzima wa mume wangu na kusema neno ambalo nikishalisema sitaweza kulimeza tena.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo ya viti vitatu, na nafanya kazi na wifi yangu, mdogo wake mume wangu, miaka minne sasa hatujawahi kununiana mpaka wateja wengine wanadhani tumezaliwa tumbo moja, yeye anasuka na kukausha, mimi naosha, natia dawa na kupaka rangi, na usione najisifu lakini rangi yangu watu wanaifuata kutoka mbali. Sasa yapata miezi miwili mikono yangu inawasha, siyo kuwasha kwa mchezo, ni kule kuwasha kwa kumwacha mteja na povu kichwani ukaenda kujikuna kwenye kona ya ukuta, vipele vimejaa kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo cha mkono, na hapo vinakoma kabisa kama vimewekewa mpaka, na cha ajabu nilipokwenda kumuuguza mama yangu siku tisa vilikauka vyenyewe, niliporudi saluni siku ya pili tu vikaanza upya. Nikajiuliza, saluni kuna nini? Kuna wifi. Na ni wifi huyo huyo aliyeniletea kichupa cha mafuta ya mikono bila hata kumwomba, akaniambia, "Pole wifi, paka haya, mikono yako ndiyo inayotulisha wote," na mimi mjinga nikapaka, na sijapona mpaka leo. Kichupa nimekificha kabatini kama ushahidi.

Usije ukaniambia nijikinge, najikinga sana. Mimi sigusi dawa wala rangi bila glavu, zile nyeupe za mpira zenye poda ndani, tena sizitupi ovyo kama wasusi wengine wanaojifanya matajiri, nikimaliza nazifua kwa sabuni, nazianika kwenye kamba nyuma ya saluni, nazinyunyizia poda ya mtoto na kuvaa tena mpaka zichakae, hata zikiwa na katundu kadogo navumilia. Jioni narudi nazo nyumbani, ndizo nasugulia bafu, ndizo nakatia pilipili, maana mume wangu bila pilipili anaona amekula karatasi, Jumatano tu nilimkatia bakuli zima la kuweka kwenye chupa, na yeye mwenyewe ni fundi wa magari basi huniibia jozi mbili tatu akaoshee vyuma kwa petroli, halafu analalamika zimevimba na kunata kama chingamu.

Kilichofanya niseme basi ni siku ya Alhamisi. Mteja wangu mkubwa, mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, mama mwenye heshima zake ambaye hata akicheka hufunika mdomo, alikaa kwenye sinki, nami nikavaa glavu zangu nimwoshe nywele. Sijafika hata utosini, mama wa watu akaruka! "Naungua! Umenitia nini?" Akazunguka saluni na povu lake mpaka akaona ndoo ya maji akazamisha kichwa chote. Na mimi nilivyojipangusa jasho, jicho langu nalo likawaka moto. Nikainusa shampuu, haina harufu ya ajabu, lakini moyoni nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Nikamgeukia wifi mbele ya wateja wanne: "Kwanza mikono yangu, sasa wateja wangu! Kama unakitaka kiti changu si useme?" Alikunja aproni yake, akakusanya vitana vyake na draya yake, akaniambia, "Wifi, siku utakayojua ulichokisema leo, utanitafuta," akatoka.

Harusi yake ni wiki mbili zijazo, mshauri. Mimi ndiye niliyekuwa nimtengeneze nywele, tulishachagua mpaka rangi, na sasa ametuma ujumbe kwa kaka yake kwamba ni heri aolewe na kilemba kuliko nimguse kichwa. Mume wangu nikimuuliza anasema, "Mimi nafungua injini, sifungui kesi," anaingia chini ya gari. Jumapili ndiyo kikao cha harusi nyumbani kwa mama mkwe, na mimi nataka niyamwage yote hadharani wamjue binti yao. Ila kusema ukweli saluni imekuwa kimya mno, hata redio siiwashi. Niseme, au ninyamaze? Na kama unajua dawa ya kuwashwa nielekeze.

Ni mimi, Msusi wa Mikono ya Moto.

*

Msusi wangu, kaa chini. Na usijikune.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nilicheka mpaka mhariri akaja kuchungulia kama niko salama. Mwanangu, kabla sijashika kalamu hii nilifanya usafi hospitalini miaka kumi na mmoja, na glavu nazijua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Umeniandikia kesi na ushahidi wote, halafu umemkamata asiyehusika.

Tuanze na mwalimu mkuu. Jumatano umekata bakuli zima la pilipili. Alhamisi umezivaa glavu zile zile ukazama nazo kwenye kichwa cha watu. Unafikiri ukali wa pilipili unaondoka kwa kufuliwa na kuanikwa juani? Ungekuwa unaondoka, jicho lako lisingewaka. Yule mama hakuungua na shampuu, ameungua na mboga ya mumeo! Mshukuru Mungu alikuwa mwalimu, amezoea uvumilivu.

Sasa mikono. Umesema vipele vinakoma kwenye kifundo kama vimewekewa mpaka. Nani aliyeuweka huo mpaka? Ni mafuta gani hayo yanayojua kusimama pale pale glavu inapoishia? Kwa mama yako ulikaa siku tisa bila saluni, bila glavu, vikakauka. Na hicho kichupa, hebu soma maneno yako mwenyewe: alikwambia "pole." Pole ya nini, kama si ya mikono iliyokuwa tayari inawasha? Kakuta umeumia, kakuletea mafuta, wewe ukayafungia kabatini kama bangi iliyokamatwa. Haya!

Mimi sijaiona mikono yako, kwa hiyo kesho asubuhi nenda kwa daktari wa ngozi. Mwonyeshe vipele, glavu na kichupa pia. Inawezekana ni mpira wenyewe, ule unaoitwa leteksi, wapo watu ngozi zao haziutaki kabisa, na ile poda inazidisha. Inawezekana pia ni rangi na dawa zinazopenya kwenye hako katundu unakokavumilia, zikifika ndani zinakaa na ngozi yako saa nzima hazina pa kutokea. Daktari ndiye atakayesema. Na siku ukivimba uso au pumzi ikibana, usisubiri miadi ya daktari wa ngozi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Na glavu za kutumia mara moja, bibie, ni za mara moja. Si za mara moja leo na mara moja kesho. Wewe si mtu mbaya ila mkono wako ni wa birika, na safari hii ubahili umekuletea balaa. Zote zilizo kwenye kamba zikusanye, tupa. Kwa rangi na dawa za nywele nunua za naitraili, mara nyingi huwa za bluu au nyeusi, zisizo na poda, hazina leteksi na zinahimili dawa vizuri. Chukua saizi yako, zikikubana zitachanika, zikipwaya utashika kitana kama umelewa. Mteja mmoja jozi moja, ikitoboka vua hapo hapo, na ukishavua nawa mikono. Hizo hizo zimfae na mumeo huko chini ya gari, maana mpira na petroli havipatani, ndiyo maana zikawa chingamu. Lakini mwambie na naitraili nayo si ya kuloweka kwenye petroli kutwa, ikilowa abadilishe. Tena awe na boksi lake aache wizi.

Pilipili, vaa naitraili, kata, tupa. Zile za nailoni zinazopwaya kama mfuko ni za kupakulia chakula kilichoiva, usimpakie nazo mtu rangi utalia. Na bafu na blichi vinataka glavu nene ndefu za kufanyia usafi. Hizo ndizo za kufua na kuanika ukipenda, na usizilete saluni kwangu. Samahani, kwako. Nimeshaanza kujiona mimi ndiye wifi.

Tufike kwa wifi sasa, maana glavu zinanunulika. Umemfanya mchawi mbele ya wateja wanne, na wewe unataka Jumapili umalizie mbele ya mama yake, wiki mbili kabla hajaolewa. Thubutu! Kichwa cha mwalimu mkuu kilipoa kwa ndoo moja ya maji, lakini ungesema hayo kwenye kikao, nyumba hiyo isingepoa miaka. Namwonea huruma huyo binti kuliko wewe. Ametukanwa na bado amekunja aproni, hakuitupa.

Kwa hiyo usisubiri Jumapili. Mpigie mwalimu mkuu, mweleze ukweli, mwoshe nywele bure. Wateja wale wanne nao waambie mmoja mmoja kwamba aliyekosea ni wewe, kwa sababu uchafu umeumwaga mbele yao na mbele yao ndipo utausafisha. Jumapili kama ni lazima usimame kwenye kikao, simama umsifu bibi harusi, kisha keti.

Lakini kwanza nenda kwake, ukitoka tu kwa daktari, na usimtume mumeo. Usijitetee, usianze na hadithi ya kamba na poda, atakuwa na muda wa kucheka baadaye. Na kile kichupa ulichokificha, daktari akishakisafisha jina lake, nenda nacho mkononi. Rangi inataka glavu, blichi inataka glavu, pilipili inataka glavu. Hii kazi haitaki. Mfungulie kifuniko, mnyooshee mikono yako na vipele vyake vyote, umwambie, "Wifi, nipake."