Mama, Bawa Letu Limepaa

Mama,

Limepaa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: barua yoyote ulikuwa unaruka salamu na kutafuta habari yenyewe. Basi habari ndiyo hiyo. Lile bawa la kitambaa, parachuti ya kurukia kutoka kilimani, tulilolishona wawili sebuleni kwetu Makindye limenibeba mimi, Laker wako, kutoka juu ya kilima hadi chini. Nimefika mzima. Naandika mbiombio kwa furaha, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Tangu tukuzike Gulu sikuwa nimeigusa cherehani. Nilirudi Kampala, nikafunga mlango wa chumba chako, nikawa naenda kazini na kurudi tu. Bawa lilikuwa juu ya kabati lako, limekunjwa ndani ya mfuko wa shule. Sikuweza kulitazama. Halafu siku moja nilikuwa nanunua mboga Nakasero, nikapita kwa yule muuza nyanya. Unamkumbuka? Ndiye uliyemwomba mizani, kitambaa kilipokuwa bado hakijakatwa, tupime kitambaa chote pamoja na kamba zake. Akauliza ni nguo ya nani. Ukamjibu ni ya kuruka angani.

"Mama, hii kitu iko mwepesi kama kabichi," akakwambia. "Nani ataruka na hii?"

Ukaninyooshea kidole. "Huyu."

Sasa aliponiona akauliza, "Ulisharuka?" Nikageuka na kikapu changu. Nilifika nyumbani nikashusha mfuko.

Kaka Okot aliposikia alikuja moja kwa moja kutoka zamu, bado amevaa sare yake ya polisi. Hakukaa. "Hiyo ni ukumbusho," akasema. "Upande wa kushoto Mama alishona akiwa mgonjwa. Unataka tukuzike na wewe?" Nikamwambia hukulishona likae kabatini. Miaka yote ile jeshini ulikuwa unakunja na kushona parachuti za watu wengine, mizigo mizito mpaka mgongo ukakuishia. Ulipostaafu ulitaka kitu kimoja: bawa ambalo mwanamke atapanda nalo kilima mwenyewe, mgongoni, bila kuita mtu ambebee. Okot anajua hayo yote. Akaondoka bila kuaga.

Lakini maneno yake yaliniingia. Nililitandika bawa sakafuni, nikatambaa juu ya mishono yote na taa mkononi. Upande wa kulia ulikuwa safi. Upande wa kushoto, Mama, mshono ulikuwa umeyumba. Unakwenda vizuri, halafu unapinda, unarudi, unapinda tena. Niliziona siku zako mbaya humo, moja baada ya nyingine. Nilikaa pale nimeshika wembe, siwezi. Ule ulikuwa mkono wako wa mwisho. Halafu nikakusikia, sauti yako ile ya kambini, neno lako moja ulilonisumbua nalo tangu nikiwa mtoto: "Fumua."

Nikafumua. Nililia nikifumua, nikalia nikishona upya, na uzi wako wa zamani niliuweka kwenye Biblia yako. Nadhani usingenielewa kama ningeuacha mshono ule ulivyokuwa.

Kiprono nilimfuata dukani kwake Ntinda, kule anakouza paneli za sola. Unajua yeye ndiye alinifundisha kuruka, kule kwao Kenya, na wewe ulikuwa umeshaamua kwamba bawa letu atalijaribu yeye kwanza. Lakini Mama, Kiprono ameoa na amenenepa. Bawa tulilikata kwa uzito wangu. Alijitazama tumbo, akacheka, akasema, "Basi ni wewe."

Kabla ya kwenda mlimani tulilijaribu chini. Tulifunga kamba kwenye boriti ya gereji moja na kuning'iniza mifuko ya mchanga. Sikumwita Okot, alijitokeza mwenyewe. Alisema amekuja kuona likipasuka ili mambo yaishe. Akasimama amekunja mikono. Tukaongeza mfuko, kamba zikakaza, boriti ikalia, bawa likatulia. Okot akasogea, akapitisha kidole kwenye mshono.  Kisha akasema, "Ongeza mwingine," akaenda kuubeba yeye mwenyewe.

Tulichagua kilima kimoja njia ya Mityana, tukapewa ruhusa, tukaondoka asubuhi kabla upepo haujawa mkali. Nilipanda nalo mgongoni, Mama. Nilipanda kama mtu anayepeleka sweta dobi. Kiprono ndiye aliyekuwa anahema nyuma yangu. Nilikuwa na parachuti ya akiba kifuani na redio begani, na Okot alikuwa chini bondeni na redio ya pili.

Kiprono alinitandazia kamba, akaniambia, "Jepesi hili halitakungoja. Likifika juu ya kichwa lishike, la sivyo litakupita."

Nilivuta. Mama, hata pumzi sijavuta, lilikuwa limeshasimama juu yangu, limejaa hewa, rangi ya machungwa tupu mbele ya mawingu. Kweli lilitaka kunipita. Nikalibana kwa breki, zile kamba mbili za mkononi, nikakimbia, nikaendelea kukimbia, nikagundua miguu yangu inakimbia hewani.

Sijui nikuelezeje. Mabawa mengine niliyorukia yanakubeba kama lori. Hili linakusikiliza. Kila kijipumzi cha hewa nilikisikia mikononi. Chini niliona migomba, mafunjo ya kinamasi, barabara nyekundu, na bodaboda aliyesimama katikati akanitazama huku abiria wake akimpiga begani waende. Nilikuita kwa sauti kubwa. Hakuna aliyenisikia, kwa hiyo nikakuita tena.

Halafu ikaja kazi yenyewe. Bawa lazima tujue likikunjika litafanya nini, na hilo halijulikani sebuleni. Kiprono akauliza kwenye redio kama niko tayari. Nikajibu ndiyo, na nilikuwa naogopa, sitakudanganya. Nikashika kamba za kushoto, upande ule, nikazivuta chini kwa nguvu.

Kushoto kote kukapotea. Likakunjika kama shuka, mwili ukaanguka upande, kilima kikanizunguka. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuvuta hiki na kile. Nikainua mikono, nikaliacha lijitafute.

Pap. Likafunguka lenyewe, likanyooka, likaendelea mbele kama halijui kuna kitu kimetokea.

Kabla sijasema lolote nikasikia redioni sauti ambayo haikutakiwa kusema kitu. "Imefunguka," alikuwa anasema Okot. "Imefunguka yenyewe. Kiprono, umeona? Imefunguka." Mpaka Kiprono akamwomba atoke hewani. Nikakunja upande wa kulia, nao ukafunguka. Nikarudia kushoto, na mara hii, Mama, ilikuwa kwa raha zangu tu.

Nilitua pembeni ya shamba la maharage. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia aliegemea jembe, akaniuliza kwa Kiganda nimetoka wapi. Nikamwonyesha juu. Akatazama juu, akanitazama mimi, akauliza kama nimekula. Akanipa muhogo wa kuchemsha. Nilipomwambia bawa hili lilishonwa na mama yangu, nilisema bila machozi. Ni mara ya kwanza tangu uondoke.

Okot alifika anakimbia, amepoteza kofia. Hakunikumbatia, unamjua. Alilikunja bawa mwenyewe, akalitia mfukoni, akaupima mfuko kwa mkono mmoja, akaubeba hadi kwenye gari. Tulifika karibu na mjini ndipo akafungua mdomo. "Ya mtu kama mimi," akasema akitazama dirishani, "itakuwa kubwa kiasi gani?"

Kwa hiyo, Mama, lala kwa amani, usitusubiri kwa wasiwasi. Nakuahidi nitamshonea, na nitamfundisha polepole, na sitamruhusu kupanda kilima chochote mpaka nimekagua kila mshono. Cherehani nimeipaka mafuta. Sasa hivi ninavyokuandikia, mwanao amelala chali sakafuni juu ya kitambaa kipya cha kijani, amenyoosha mikono. Nimemwambia bawa halipimwi kama suti. Anakataa kuinuka.

Kwaheri, Mama yangu.

Laker wako