Tete la Kereng'ende

Shamba la kahawa, Ruiru
Jumapili, baada ya ibada

Ndugu yangu Zakaria,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na salamu hii ni ya kweli ingawa yanayofuata si matamu. Kifua chako kimepoa? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, ila goti la kulia linalalamika kwa unyevu, maana kazi yangu ni ya majini.

Juzi nilitumwa Thika kuchukua mpira wa pampu, nikapitia posta nikakuta barua ya Mama, aliyoandikiwa na mwalimu. Anasema umeng'oa masale, ile mimea ya alama niliyopanda mpakani, na umelima shamba langu mpaka kwenye mkuyu. Alipokuuliza, ukamjibu: "Mama, mtu asiyeonekana miaka sita ana shamba gani?"

Neno hilo nililisoma mara nne nikiwa nimesimama pale pale posta.

Sasa nitakueleza jambo la hapa kwetu kinamasini, na ulisome mpaka mwisho. Unajua nilikuja huku kuchuma kahawa tu. Ufundi wa pampu sikufundishwa na mtu, niliuiba kwa macho. Nakaa kando ya maji tangu alfajiri hadi injini izimwe, na kila mara nasafisha chujio. Humo hunasa wadudu wa rangi ya tope, wenye taya linalochomoka mbele kama mkono wa mwizi. Nilidhani ni uchafu. Asubuhi moja nikaona mmoja amepanda tete, ngozi ikapasuka mgongoni, akatoka kereng'ende, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa. Alingoja mpaka yakanyooka, akaruka. Ganda lake likabaki limeshika tete. Tangu siku hiyo nikiwakuta kwenye chujio nawarudisha majini.

Dume lake ni jekundu kama pilipili. Kila mmoja ana tete lake. Saa sita, jua likiwa utosini, huinua mkia juu kama mtu anayesimama kwa kichwa, ili jua limpate kidogo. Huruka kukamata mbu, kisha hurudi kwenye tete lile lile. Mmoja nilimtia nukta ya rangi nyeupe, ile ya kuandikia magunia, nikamhesabu kutwa nzima: aliondoka mara thelathini na moja, akarudi mara thelathini na moja.

Njoroge wa kiwandani alinikuta nikihesabu. "Ngai! Elisha, hii ndudu ni ng'ombe yako?"

"Nataka kujua akikawia itakuwaje," nikamwambia.

"Si umfunge ujue!"

Alisema kwa mzaha, lakini mimi nikaleta mkebe wa majani ya chai. Nilimfunga dakika kumi. Mwingine akaja, akakalia tete. Nilipomwachia, mwenye nukta alimfukuza kwa mruko mmoja. Nikafanya hivyo mara saba, na mara saba mwenyewe akashinda.

Kesho yake nilimfunga tangu asubuhi mpaka saa tisa. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye tete lake. Yule mgeni akapigana naye kama mwenye mali, Zakaria. Hakujua kwamba ameiba. Mwenye nukta alizunguka mara tatu, akaenda zake. Sijamwona tena.

Njoroge alicheka sana. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, kwa maana mkebe nilikuwa nimeushika mimi mwenyewe, na nilimfunga kwa sababu ya kutaka kujua tu.

Mimi sikujifunga. Nilitoka mwaka ule wa njaa ili wewe ubaki shuleni, na tangu serikali itangaze imajensi, hii hali ya hatari, nimeomba ruhusa ya kusafiri mara tano, nikanyimwa mara tano. Hayo unayajua, maana barua zangu ni wewe uliyekuwa ukimsomea Mama. Sasa amekuacha wewe, amekwenda kwa mwalimu, na Mama si mjinga.

Mara ya sita nimepewa. Siku kumi na nne.

Tete lile halikuoteshwa na kereng'ende. Mimi masale yale niliyachimbia kwa jembe la Baba, kumi na tisa, hatua kumi kati ya moja na jingine, na wewe ndiye uliyekuwa ukinishikia kamba. Yarudishe kabla sijafika. Nikishuka kwenye gari sitapitia nyumbani kwanza. Nitapitia mpakani, nihesabu. Yakiwa kumi na tisa, nitakuja kula kwako na hatutalitaja jambo hili mbele ya watoto. Yakiwa kumi na manane, usiwashe moto kwa ajili yangu.

Msalimie Mama, umwambie dawa ya macho nimepata. Msalimie mjomba na mkewe, na yule shangazi wa ng'ambo ya mto. Mwalimu mwambie namshukuru kwa mwandiko wake, unasomeka vizuri.

Ni mimi ndugu yako, mwenye tete,
Elisha